Kama Mobutu angetoka mwaka 1970

Miaka 5. Njo muda ambao Joseph-Désiré Mobutu aliomba wananchi wakati alikamata mamlaka, tarehe 24 Novemba 1965. Sababu yake ilikuwa rahisi kuelewa: wanasiasa walichukua miaka 5 kuharibu inchi, basi na yeye apewe miaka 5 ya kuitengeneza. Watu wengi walikubali. Walikuwa wamechoka na vita vya Katanga, na waasi wa upande wa Mashariki, na serikali zilizoanguka moja nyuma ya ingine. Kwa mtu aliyechoka hivyo, miaka 5 haikuonekana kuwa mingi.

Vile ilimalizika, tunajua wote. Mobutu alitoka Kinshasa tarehe 16 Mei 1997. Ile miaka 5 ilikuwa imezaa miaka 31 na nusu.

Leo tunataka kufanya hesabu ambayo wazee wetu wanaifanya mara nyingi jioni mbele ya nyumba, lakini haiandikwi sana: kama angetoka mwaka 1970, vile alisema, maisha ya mfanyakazi wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi yangekuwa namna gani? Hatuulizi ju ya kupitisha wakati tu. Mjadala wa Katiba umerudi katika inchi, na ndani yake kuko neno moja linalotugusa sisi wa migodi kuliko tunavyozani: manda. Rais akae muda gani, mara ngapi, na nani amufuate.

Masharti ya hesabu yetu

Mtu akianza kusema « kama ingekuwa », mara moja anajenga paradiso. Sisi tumejikataza mambo mawili. Kwanza, tunabadilisha kitu kimoja tu: mwezi wa Novemba 1970, Mobutu anatoa kiti. Mengine yote yanabaki vile yalikuwa. Bei ya mukuba inapangwa London, haipangwi Kinshasa. Vita vya Angola vinabaki. Madini chini ya udongo wa Katanga yanabaki yaleyale.

Pili, hatumupi jina mtu wa kumufuata. Tukitaja jina, ubishi utakuwa juu ya ile jina: alikuwa mwizi, alikuwa mzuri, alikuwa wa kabila gani. Tuseme tu alikuwa mtu wa kawaida, mwenye akili kidogo na tamaa kidogo, kama wanasiasa wengi. Malaika hatumuweki kwenye hesabu.

Novemba 1970: mlango ulikuwa wazi

Kuna watu wanazani kwamba wakati ule hakukuwa sheria yoyote. Si kweli. Katiba iliyopigiwa kura mwezi wa Juni 1967 ilisema Rais anachaguliwa na wananchi wote kwa miaka 7. Ilikubali pia vyama 2 vya siasa. Kwa karatasi, mwaka 1970 ungekuwa mwaka wa watu wawili wenye kushindana.

Na wakati ulikuwa mzuri kwa kutoka. Vita vilikuwa vimepungua. Union Minière, iliyozaliwa 1906, ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali mwaka 1967, na ikawa ile kampuni tunayoiita leo Gécamines. Feza mpya, zaire, iliyotoka mwaka huohuo wa 1967, ilianza kwa bei ya dola 2 kwa zaire 1. Mukuba ulikuwa umeuzwa kwa bei nzuri miaka kadhaa mfululizo. Mobutu mwenyewe alikuwa na miaka 40 tu. Angeweza kurudi nyumbani akiwa kijana, na watoto shuleni wangefundishwa kwamba huyu njo alisimamisha inchi kisha akatimiza neno lake.

Hatusahau damu. Mwezi wa Juni 1966, watu 4 walinyongwa Kinshasa mbele ya umati mkubwa, na mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, mtoto wa Katanga aliyekuwa Waziri Mkuu. Moïse Tshombe alikufa Algeria mwaka 1969, akiwa mufungwa. Kwa hiyo hatusemi miaka 5 ya kwanza ilikuwa safi. Tunasema tu kwamba mwisho wake ulikuwa na tarehe, na ile tarehe ilifika.

Ilipofika, kilitokea hiki: kwenye uchaguzi wa Novemba 1970 kulikuwa mgombea mmoja. Mpiga kura alipewa karatasi ya rangi ya majani kwa kusema ndiyo, na karatasi nyekundu kwa kusema hapana. Mwezi wa Desemba chama cha MPR kikawekwa juu ya vyote. Chama cha pili, kilichoandikwa katika Katiba, hakikuwahi kupata nafasi.

Tuseme alitoka

Sasa tubadilishe kile kitu kimoja. Novemba 1970, majina 2 kwenye karatasi. Mmoja anashinda, anaapa, na manda yake inakwenda mpaka 1977.

Tuangalie mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianizasyo: maduka, mashamba, malori na biashara za wageni zilichukuliwa na kupewa wenyeji. Rais wetu wa kuwazia angefanya vilevile? Inawezekana kabisa. Wakati ule inchi nyingi za Afrika zilikuwa zinachukua mali ya wageni. Zambia, jirani yetu, ilichukua asilimia 51 ya migodi yake kwa maamuzi yaliyotangazwa mwaka 1969. Kutaka mali ya inchi irudi kwa watu wa inchi haikuwa wazimu.

Shida ilikuwa namna ya kugawa. Duka lililojaa bidhaa lilipewa mtu aliye karibu na wakubwa, akauza kilichokuwa ndani, na hakununua kingine. Wazee wa Likasi na Lubumbashi wanakumbuka vile mbao za maduka zilibaki tupu. Miaka 3 nyuma ya pale serikali yenyewe ilianza kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe wa zamani. Lakini aliyefanya kosa njo alihesabu kosa lake, akajisamehe, akaendelea.

Hapa njo tofauti ya kwanza inatokea. Katika hesabu yetu, huyu Rais wa kuwazia anajua kwamba mwaka 1977 atasimama mbele ya yule mama aliyekosa mafuta na chumvi dukani, na kwamba kuna mtu mwingine kwenye karatasi. Pengine angegawa vizuri zaidi. Pengine hapana. Lakini kama hapana, mwaka 1977 angekwenda.

Bei ya mukuba haijui Katiba

Mwezi wa Aprili 1974 mukuba ulikuwa juu sana London. Mwisho wa mwaka ule bei ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Mwezi wa Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kupeleka mukuba wetu baharini. Mambo haya mawili hakuna manda ingeyazuia. Katika hesabu yetu mfanyakazi wa Kamoto anaumia 1975, sawasawa na vile aliumia kwa kweli. Mtu asidanganye watu kwamba kubadilisha Rais kunapandisha bei ya madini.

Lakini nyuma ya kuumia kuko kujitengeneza, na pale njo njia zinaachana.

Inchi ilikuwa imekopa feza nyingi wakati bei ilikuwa juu. Mfano ni laini ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1 700, iliyoanza 1973 na kumalizika karibu 1982. Bei ilipoanguka, madeni yalibaki palepale. Gécamines njo ilikuwa mfuko wa inchi, na Kinshasa ilikuwa na mkono ndani ya ule mfuko. Feza ya kununua mashini, ya kutengeneza nguzo za chini ya udongo, ya kutafuta madini mapya, ilikwenda kufanya kazi ya siasa.

Kwa kweli kalenda ya uchaguzi haikuvunjwa. Mwaka 1977 Mobutu alichaguliwa tena kwa miaka 7. Mwaka 1984 alichaguliwa tena kwa miaka 7. Kila mara peke yake. Ndugu msomaji, shika hili: tarehe zilikuwa, na ziliheshimiwa. Tarehe peke yake haitoshi. Kama hakuna mtu wa pili kwenye karatasi, na kama hakuna mwisho wa kuhesabu manda, uchaguzi unakuwa sherehe tu: wanaimba, wanakunywa, wanarudi kazini.

Katika hesabu yetu, kila moja ya tarehe hizi inakuwa siku ya kuuliza. Mwaka 1977: feza ya mukuba wa miaka mizuri ilikwenda wapi? Mwaka 1984: ju ya nini mashini za Gécamines zimezeeka na hazibadilishwi? Rais mpya, hata kama ni mtu wa tamaa, ana sababu nzuri ya kufungua vitabu vya hesabu vya aliyemutangulia: anataka kuonyesha kwamba makosa si yake. Ubaya wa mtu mmoja unafunuliwa na ubaya wa mwingine. Si jambo la kupendeza, lakini linafanya kazi.

Kutoka tani 476 000 mpaka chini

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476 000 za mukuba. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 30 000. Kulikuwa shule, kulikuwa lopitali, kulikuwa mufuko wa bunga mwisho wa mwezi. Kijana aliyeoa akiwa Gécamines, wakwe walilala usingizi.

Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 Gécamines nzima ilitoa chini ya tani 50 000. Haikufikia hata sehemu moja ya kumi ya mwaka 1986. Udongo haukuisha madini: leo makampuni yanachimba palepale na kutoa mengi kuliko zamani. Kilichoisha ni matengenezo, feza, na uaminifu.

Katikati ya tarehe hizi mbili kuko tarehe ya tatu, ambayo watu wengi wameisahau: 4 Desemba 1991. Siku ile manda ya miaka 7 iliyoanza 1984 ilimalizika. Mobutu hakuondoka. Sasa hata ile kalenda ya sherehe ilikuwa imekufa. Watoto wa leo wanalijua neno « glissement », maana yake kuteleza, kutokana na mambo ya 2016. Wazee wao walikuwa wameliona jambo lenyewe tangu 1991, bila kulipa jina.

Wakati mukubwa hana tarehe ya kutoka, kila mtu anatafuta njia yake. Askari wasiolipwa walipora miji, Kinshasa kwanza mwezi wa Septemba 1991, kisha Lubumbashi. Mwaka 1992 na 1993, siasa ya kugawanya watu ilifika mpaka ndani ya migodi: wafanyakazi wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, waliochimba pamoja na baba zetu, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala kwenye gare zikingoja magari ya reli, na wengine walikufa palepale. Gécamines ilipoteza siku ileile watu waliojua mashini zake. Sisi wote tulipoteza majirani.

Je, kama kungekuwa marais 3 au 4 waliofuatana tangu 1970, chuki ile isingetokea? Hatuwezi kuapa. Wivu wa kazi ulikuwa wa zamani. Lakini wivu ni kuni tu. Moto uliwashwa na vita vya viti, na vita vya viti vinakuwa vikali zaidi pale kiti hakina saa ya kuachwa.

Kisha ilikuja 2003. Zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walikwenda nyumbani kwa ile iliyoitwa « départ volontaire », nyuma ya miezi mingi bila mshahara. Tunajua familia ambazo mpaka leo zinahesabu tangu mwaka ule: kabla ya départ, na nyuma ya départ. Wengi wa vijana walioingia kwenye mashimo na mufuko na beleshi, bila kofia, ni watoto wa wale waliotoka.

Angalia upande wa pili wa Kasumbalesa

Kuko inchi moja ambayo inatusaidia kupima hesabu hii, maana udongo wake ni uleule na bei ni ileile. Zambia. Kenneth Kaunda aliongoza miaka 27, tangu 1964 mpaka 1991. Yeye pia aliweka chama kimoja, yeye pia aligombea peke yake. Reli ya Benguela ilipofungwa, mukuba wa Zambia pia ulikosa njia. Migodi ya serikali ilianguka: kutoka zaidi ya tani 700 000 kwa mwaka mwisho wa miaka ya 1960, mpaka karibu tani 250 000 mwaka 2000.

Basi Zambia haikupona. Iliuza migodi yake, na wafanyakazi wengi walifukuzwa. Lakini tulinganishe: kule ilibaki sehemu moja ya tatu, huku haikubaki hata moja ya kumi. Kule Kaunda alikubali uchaguzi wa vyama vingi, akashindwa mwezi wa Oktoba 1991, akatoa kiti. Ni mwaka uleule ambapo huku miji iliporwa na manda ikaisha bila mtu kutoka. Kule walivuka bila vita.

Miaka 10 nyuma ya pale, Frederick Chiluba, aliyemushinda Kaunda, alikuwa na watu waliotaka apate manda ya tatu. Makanisa, mawakili, vyama vya raia na hata wakubwa wa chama chake walikataa. Mwaka 2001 akaacha. Tangu wakati ule marais 2 wa Zambia wamekufa wakiwa kazini, Levy Mwanawasa 2008 na Michael Sata 2014, na kila mara uchaguzi ulifanyika vile Katiba ilitaka. Linganisha na huku: Laurent-Désiré Kabila alipouawa Januari 2001, siku chache tu nyuma mtoto wake alikuwa ameapa, na hakuna raia aliyeulizwa kitu.

Zambia ina madeni, ina shida ya umeme, ina wachimbaji maskini. Lakini mzazi wa Chingola au wa Kitwe hakulazimika kukimbia porini na watoto ju ya kubadilisha Rais.

« Miaka 5 haijengi kitu »

Tunajua jibu la wengi, maana tunalisikia kwenye bisi na kwenye nganda. « Prezida moya anaanza, ingine anabomoa. Miaka tano iko kidogo, haitoshe kujenga kitu. » Hoja hii si ya kuchezea. Mgodi mkubwa unachukua miaka mingi kabla ya kutoa tani ya kwanza. Barabara na umeme vilevile.

Lakini tuangalie kazini kwetu. Hakuna mgodi unaosimama sababu posti ya usiku imetoka na posti ya asubui imeingia. Kazi inaendelea kwa sababu kuko mipango iliyoandikwa, kuko daftari ya chef de poste, na anayeingia anasoma kile aliyetoka aliandika. Anayekaa posti mbili mfululizo, hata kama ni fundi mkubwa, macho yanamufunga na ajali inakuja. Kazi ndefu inahitaji mipango mirefu. Haihitaji mtu mmoja asiyelala. Ile laini ya Inga ingeweza kuanzishwa na mmoja, kujengwa na wa pili, na kuwashwa na wa tatu. Nguzo za umeme hazina chama.

Wengine wanaleta hoja ya mila: « Chifu hana manda. Anakaa mpaka kufa. » Kweli. Lakini chifu anazungukwa na wazee wanaoweza kumwambia hapana, na kabla hajafa watu wanajua ukoo gani na nyumba gani zinaweza kutoa mtu wa kumufuata. Mobutu alichukua kukaa kwa chifu na kuacha wazee. Alipougua na vita vikafika, hakukuwa mtu aliyejua nani anashika nini. Tarehe 9 Aprili 1997 Lubumbashi ilichukuliwa na AFDL, na nyuma ya wiki chache Rais alikuwa safarini. Alikufa Maroko Septemba ya mwaka ule.

Na kuko jibu la tatu, fupi kuliko yote: « Tuko na njaa, munatuambia mambo ya Katiba? » Hili njo tunaliheshimu zaidi. Na njo kwa ajili yake tumeandika hesabu hii yote.

Katiba na sahani

Katiba ya leo ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 70 kinasema Rais anachaguliwa kwa miaka 5, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kubadilisha hesabu na urefu wa manda ya Rais. Wale walioandika vifungu hivi walikuwa na miaka ile 31 na nusu mbele ya macho yao.

Vifungu hivi vimejaribiwa mara moja. Manda ya pili ya Joseph Kabila iliisha tarehe 19 Desemba 2016 bila uchaguzi. Watu walikufa mabarabarani Kinshasa, Lubumbashi na miji ingine. Maaskofu walipatanisha wanasiasa, mapatano yakatiwa sahihi tarehe 31 Desemba. Uchaguzi ulikuja Desemba 2018, na tarehe 24 Januari 2019 Félix Tshisekedi aliapa. Miaka 2 ya kuchelewa, na matokeo yenye ubishi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru Rais mmoja kutoa kiti kwa mwingine bila bunduki kati yao.

Miaka ile 2 ilikuwa na bei sokoni pia. Mwanzo wa 2016 dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa imepita franka 1 500. Bei ya mukuba iliyoanguka njo ilichangia sana, tusidanganye. Lakini inchi isiyojua nani ataitawala mwaka ujao haijitetei vizuri kwenye soko. Mama aliyelipa bunga kwa franka alijua hivyo kabla ya wataalamu.

Mwezi wa Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Tshisekedi alisema Katiba hii haifai tena kwa hali ya inchi, na kwamba kutakuwa tume ya kuiangalia. Wanaomuunga mkono wanasema inchi ina haki ya kujiandikia sheria yake. Wanaopinga wanaogopa kwamba mlango ukifunguliwa, kifungu cha 220 njo kitatoka kwanza. Katiba si Biblia. Kuko vifungu vinavyoweza kutengenezwa, na kuvijadili si zambi. Ila hesabu ya leo inatupa swali la kuuliza kila mtu anayekuja kwetu na mikutano na tisheti: katika Katiba unayotaka, Rais aliyeko atahesabiwa manda alizokwisha kufanya, ama ataanza tena kwa sifuri? Ajibu kwa neno moja.

Swali hili linagusa sahani. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema asilimia 25 ya redevansi ya madini inakwenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta, shefeli na miji ambako madini yanachimbwa, na asilimia 10 inawekwa kwa vizazi vitakavyokuja. Kila kampuni inapaswa kutia sahihi na wakaaji kitabu cha ahadi, « cahier des charges », chenye kazi za miaka 5: shule, maji, barabara, kituo cha afya. Nani anasimamia kwamba feza hii inafika? Watu waliowekwa na watu waliochaguliwa. Kama wa juu kabisa hana siku ya kutoka, wa chini yake hawana sababu ya kuogopa siku yoyote. Na délégué wa sendika, anayechaguliwa tena na wafanyakazi wenzake, njo anabaki peke yake mwenye kuhesabiwa siku katika inchi nzima.

Kama Mobutu angetoka mwaka 1970, pengine tungepata marais wabaya 3 au 4 badala ya mmoja. Bei ingeanguka tu. Madeni mengine yangekuwapo tu. Lakini kosa la 1973 lingekuwa na mwisho 1977, kosa la 1977 lingekuwa na mwisho 1984, na inawezekana mgonjwa Gécamines angepelekwa lopitali kabla ya kukata roho. Baba wengi wa Kolwezi wangetoka kazini wakiwa wazee, na pensheni, baada ya kuonyesha kazi kwa watoto wao.

Manda ya sasa ilianza tarehe 20 Januari 2024. Miaka 5 inaisha Januari 2029. Katika nyumba nyingi zetu kuko kalenda ya kampuni iliyotundikwa ukutani, yenye picha ya lori kubwa, na juu yake tunazungushia siku ya mshahara. Kalenda ya 2029 itakapotoka, tuzungushie na ile siku ya Januari.